Karatasi ya Kuhesabia Niliyorudi Nayo Kutoka Kongamano la Makocha

Huu ni mwaka wangu wa sita nikifundisha soka timu ya watoto walio chini ya miaka 12, jioni mbili kwa wiki pamoja na mechi ya mwisho wa juma. Mwezi uliopita nilihudhuria kongamano la makocha kwa mara ya kwanza, nikakaa siku tatu nzima kati ya watu ambao hawazungumzi jambo jingine isipokuwa mpira na wale wanaoucheza. Nilikwenda na daftari jipya na nia moja tu, nayo ni kukusanya mazoezi mapya, kwa sababu nilihisi yale niliyo nayo yameshazoeleka na watoto wanayafanya kwa mazoea. Daftari hilo limerudi na mazoezi manne. Kingine chote nilichokiandika kinahusu mambo ambayo yalikuwa mbele ya macho yangu uwanjani kwa miaka yote hiyo nami sikuyaona, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa kwa ajili ya makocha wenzangu wanaofikiria kuhudhuria mkusanyiko wa aina hii.

Kwa asiyewahi kufika, kongamano la makocha lina sura tatu. Kuna maonyesho ya uwanjani, ambapo mkufunzi hufundisha kikundi cha watoto huku makocha wameketi pembezoni wakitazama. Kuna mihadhara ya kumbini. Na kuna ukumbi wa wauzaji wa vifaa, ambao niliupita haraka, kwa kuwa fulana za kupimia mwendo wa mchezaji kwa satelaiti hazina kazi kwa mtoto wa miaka 10. Vipindi vingi huendeshwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila saa unachagua kimoja na kukikosa kingine. Siku ya kwanza nilichagua kwa kufuata majina makubwa. Nilijuta kabla ya saa sita mchana, baada ya kusikiliza kwa muda mrefu maelezo ya namna ya kuwabana wapinzani kwenye nusu yao ya uwanja, maelezo mazuri kabisa kwa timu ya watu wazima 11 wanaofanya mazoezi kila siku, lakini ambayo hayana pa kuingilia katika timu yangu. Tangu hapo nilipokuwa nikisoma ratiba niliangalia kwanza umri wa wachezaji wanaozungumziwa, kisha mada, na jina la mzungumzaji mwisho kabisa.

Mchana wa siku hiyohiyo niliketi kwenye benchi pembezoni mwa uwanja wa nyasi bandia, jirani na mama mmoja mtu mzima ambaye, kama nilivyokuja kufahamu baadaye, amefundisha watoto kwa zaidi ya miaka 20. Mkufunzi alikuwa anaonyesha zoezi la kupiga mashuti. Watoto wanane wamesimama kwenye mstari mmoja. Wa mbele anampigia mkufunzi pasi, anarudishiwa, anapiga shuti golini, anaufuata mpira wake na kwenda kusimama nyuma ya wenzake. Lilikuwa zoezi linalopendeza kulitazama. Koni zimenyooka, mipira haizagai, kila mtoto anajua zamu yake, nami nilikuwa nimeshaanza kulichora daftarini. Yule mama hakuchora chochote. Alishika karatasi iliyokunjwa mara mbili, na kila baada ya muda alitia kistari kimoja cha kalamu. Alipoona ninamtazama, alinisogezea ile karatasi na kuniambia kwa sauti ya chini, “Kocha, mimi namhesabia yule mwenye soksi za njano. Mwangalie yeye tu, mwenye mpira muache.”

Nilimwangalia. Alisimama akiegemea mguu mmoja, mikono kiunoni. Akainama akapandisha soksi. Akaisukuma koni kwa ncha ya kiatu mpaka ikamfikia mwenzake, mwenzake akairudisha, wakacheka. Zamu yake ilipofika alikimbia kwa nguvu zake zote, akapiga shuti, akaenda kuufuata mpira, na sura yake ikarudi kuwa ileile ya kungoja. Zoezi lilikwenda dakika 12. Katika muda huo alipata zamu 9, na hakuna hata moja iliyozidi sekunde 10. Ukizijumlisha, mtoto huyo alicheza mpira kwa dakika moja na nusu, na dakika kumi na nusu zilizobaki alisimama kwenye foleni. Zoezi hilo, au ndugu yake wa karibu, nimelifundisha karibu kila wiki kwa miaka mitano, na kila mara nilirudi nyumbani nikiamini kwamba tumefanya kazi, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa yule aliye na mpira, na aliye na mpira daima anaonekana kuwa anafanya kazi.

Kipindi kilichofuata kwenye uwanja uleule kilikuwa cha mchezo wa watatu kwa watatu wenye magoli manne madogo, mawili kila upande, yakiwa yametenganishwa kwa umbali mkubwa. Mchezo huu ulibuniwa na Horst Wein, Mjerumani aliyejulikana kwanza kama kocha wa mpira wa magongo kabla ya kujitolea kwa soka la watoto, naye aliuita Funino. Goli halihesabiwi mpaka mfungaji awe ameingia katika eneo lililochorwa karibu na magoli, na kanuni hiyo moja ndogo inaondoa kabisa tamaa ya kupiga mpira kutoka mbali na kutumainia bahati. Huko Ujerumani, kuanzia msimu wa 2024/25, shirikisho la soka limeifanya michezo ya namna hii, yenye wachezaji wachache na magoli madogo kadhaa, kuwa ya lazima nchi nzima kwa watoto wa umri mdogo. Mama yule alinikatia nusu ya karatasi yake, tukachagua kila mmoja mtoto wake. Nilipofika miguso 60 ya mpira dakika 12 zilikuwa hazijaisha, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu jambo jingine lililonivutia zaidi, yaani mara ambazo mtoto wangu aliinua kichwa, akaona upande alioelekea una watu wawili, akageuka na kuelekea goli la pili. Alifanya hivyo mara saba. Hakuna aliyemwambia ageuke.

Sitaki nieleweke vibaya kuhusu foleni. Mtoto anapojifunza kwa mara ya kwanza namna ya kukaza kifundo cha mguu anapopiga mpira, dakika tatu au nne za kurudiarudia bila mpinzani zinamsaidia, na wapo wakufunzi wa siku hizi wanaolikataa jambo hilo kwa ukali ambao sikuupenda. Ninachosema ni kwamba kocha aliyechagua foleni awe amehesabu gharama yake kwa mtoto wa nane, na si kwa yule wa kwanza.

Siku ya pili, saa nane mchana, nilichagua kipindi cha mtaalamu wa tiba ya viungo kilichofanyika katika chumba kidogo. Hatukufika watu 20, kwa kuwa saa hiyohiyo ukumbi mkubwa ulikuwa na mzungumzaji maarufu. Mada ilikuwa maumivu ya watoto wanaorefuka. Mtaalamu alimwita kocha mmoja mbele, akamketisha kwenye meza miguu ikining’inia, akaweka kidole gumba chini kidogo ya pia ya goti, pale ambapo kano ya goti inashikamana na mfupa wa muundi. Alieleza kwamba kwa mtoto ambaye bado anakua, sehemu hiyo ina gegedu laini ambalo halijawa mfupa kamili, na kwamba kila mtoto anapokimbia, kuruka au kupiga shuti, misuli ya paja huivuta kano na kano huvuta pale. Mtoto akiwa katika kipindi cha kurefuka kwa kasi, na mazoezi yakiwa mengi, sehemu hiyo huuma, huvimba, na mara nyingine huota kinundu kigumu kinachoonekana kwa macho. Huitwa ugonjwa wa Osgood-Schlatter, kutokana na madaktari wawili, Mmarekani na Mswisi, ambao kila mmoja kwa wakati wake aliueleza mwaka 1903. Upo na mwenzake wa kisiginoni, unaoitwa Sever. Yote miwili kwa kawaida hupona mtoto anapomaliza kukua, lakini inahitaji kupunguziwa mzigo wa kukimbia na kuruka, na inahitaji kuangaliwa na daktari ili kuhakikisha kwamba si jambo jingine kubwa zaidi.

Nilikuwa naandika, kisha nikaacha. Ninaye binti wa miaka 11 katika timu, winga, ambaye katika miezi michache amerefuka mpaka bukta yake imekuwa fupi. Kwa wiki nyingi alikuwa anamaliza mazoezi akiwa ameketi chini, amelishika goti kwa mikono miwili, kidole gumba kikiwa pale pale alipokiweka mtaalamu. Nilimwambia ajikaze. Nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja, na safari moja nilimwambia mbele ya wenzake, kwa kuwa nilidhani amechoka mapema kwa sababu ya kutofanya bidii. Kipindi kilipokwisha nilitoka kwenye korido na kumpigia simu mama yake, nikamweleza nilichokisikia, nikamwomba radhi, nikamwomba ampeleke mtoto kwa daktari. Mama alinyamaza kidogo kisha akasema, “Kocha, ameniambia mara mbili kwamba goti linauma, nami nilimjibu kwamba kama lingekuwa jambo, kocha angesema.” Sijaweza kuisahau sentensi hiyo. Daktari alithibitisha kwamba ndio ugonjwa huo.

Katika chumba hichohicho tulionyeshwa pia mpango wa kupasha misuli moto ujulikanao kama 11+ Kids, ulioandaliwa kwa watoto wa miaka 7 hadi 13. Una mazoezi saba, ya mizani, ya kuruka na kutua, ya nguvu za mwili, na hata ya kujifunza kuanguka, maana watoto wengi huumia kwa kuanguka vibaya. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi nne za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba timu zilizoutumia zilipata takriban nusu ya majeraha ikilinganishwa na zile zilizoendelea na mazoea yao. Huo ni mmoja wa yale mazoezi manne niliyorudi nayo.

Usiku wa siku hiyo sikulala mapema, na sababu ilikuwa mhadhara wa jioni kuhusu miezi ya kuzaliwa. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake waliandika kuhusu wachezaji wa magongo ya barafu nchini Kanada, wakionyesha kwamba wengi wao walizaliwa katika miezi ya mwanzo ya mwaka, kwa sababu tarehe ya kugawa rika za watoto ilikuwa 1 Januari. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba huwekwa rika moja, ilhali mmoja amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima wa kukua. Yule mkubwa huchaguliwa, hupata dakika nyingi za kucheza na kocha bora, na baada ya miaka michache anakuwa kweli bora. Soka lina tatizo hilohilo. Mfano ulionigusa ni wa Ubelgiji, ambako mwaka 1997 tarehe ya kugawa rika ilihamishwa kutoka 1 Agosti hadi 1 Januari. Kabla ya hapo, watoto waliohesabiwa kuwa na vipaji walikuwa wengi wa Agosti na miezi iliyofuatia. Baada ya hapo vipaji vikahamia kwa watoto wa Januari na Februari. Watoto wa nchi hiyo hawakubadilika. Kilichobadilika ni kalenda iliyo mkononi mwa makocha.

Nilifungua orodha ya usajili wa timu yangu kwenye simu. Kati ya watoto 18, kumi na mmoja wamezaliwa kati ya Januari na Aprili, na wawili tu katika miezi minne ya mwisho. Wote hao wawili ni wachezaji wa akiba. Mimi ndiye niliyewachuja watoto hao mwanzoni mwa msimu, kwa haki kabisa kama nilivyoamini, nikiwatazama wakikimbia na kugombea mpira kwa muda wa siku moja.

Siku ya tatu ilikuwa fupi. Nilihudhuria kipindi kimoja kuhusu kupiga mpira kwa kichwa, ambapo mengi yaliyosemwa nilikuwa ninayafahamu: kwamba Marekani ilitangaza mwaka 2015 kuwazuia watoto wa miaka 10 na chini yake kupiga kichwa, na kwamba mwaka 2020 England, Scotland na Ireland ya Kaskazini ziliondoa zoezi hilo katika mafunzo ya watoto wa umri wa shule ya msingi. Mimi nilikuwa nimeshaliacha. Kisha nikamtafuta yule mama wa karatasi ili nimuage, nikamkuta amesimama nje ya uwanja wa maonyesho, bado anatia vistari.

Kurudi kwenyewe kulikuwa kugumu kuliko nilivyotarajia. Katika mazoezi ya kwanza niliingiza mambo mengi kwa pamoja: mpango mpya wa kupasha misuli, magoli manne, maeneo mapya, vizibao vya rangi tatu. Watoto walichanganyikiwa na nikatumia muda mwingi kueleza kuliko wao kucheza. Mazoezi ya pili niliacha kila kitu isipokuwa magoli manne, nikagawa uwanja katika viwanja vitatu vidogo, na nikakaa pembeni. Kelele zilikuwa nyingi. Wazazi wawili walinifuata na kuniuliza, kwa heshima lakini kwa wasiwasi, mafunzo yataanza saa ngapi, kwa kuwa walichokiona mbele yao ni watoto wanaocheza tu. Nilichomoa karatasi mfukoni, nikamwomba kila mmoja amhesabie mwanawe kwa dakika tano. Mmoja wao sasa anakuja na kalamu yake.

Katika wiki ya tatu lilitokea jambo dogo ambalo nimeliandika katika daftari kwa tarehe yake. Mmoja wa wale watoto wawili wa mwisho wa mwaka, mfupi kuliko wenzake wote, alipokea mpira mgongo wake ukielekea magoli. Nyuma yake alikuwa beki wetu mwenye nguvu kuliko wote, mtoto wa Januari. Zamani angeupiga mpira popote ili ajiokoe na kukumbwa. Safari hii aliukanyaga kwa unyayo, akausimamisha, akatazama begani kushoto, akaona beki ameegemea upande huo, akauburuta mpira kwa unyayo uleule kuelekea kulia na kuondoka naye. Goli la kulia lilikuwa tupu. Aliingia katika eneo la kufungia akitembea karibu, akausukuma mpira taratibu ndani, kisha akageuka kunitazama kana kwamba anauliza kama inaruhusiwa. Katika mechi mbili zilizofuata alianza. Tulifungwa mojawapo, na kosa la bao la pili lilikuwa lake. Nimemwanzisha tena wiki iliyofuata.

Lipo jambo ambalo kongamano halikunitatulia. Msimu ujao nitalazimika kuchuja tena, kwa kuwa watoto wanaotaka kujiunga ni wengi kuliko nafasi, na kujua kwamba jicho langu linavutwa na ukubwa wa mwili hakunipi jicho jingine. Kwa sasa nimekusudia mambo mawili: kuwatazama kwa wiki nne na si siku moja, na kuandika mwezi wa kuzaliwa wa kila mtoto kwenye kizibao chake kwa namba kubwa, ili nilazimike kuiona kila ninapotaka kusema kwamba fulani ni mzito au fulani ni mwepesi. Kocha mwingine mwenye njia bora ningefurahi kumsikiliza.

Yule binti wa goti bado hajarudi katika kukimbia kikamilifu. Anakuja kila siku ya mazoezi, anafanya sehemu ambazo daktari amezikubali, na muda uliobaki ndiye mshika karatasi wetu. Alhamisi iliyopita nilimwomba amhesabie kipa. Aliniletea karatasi mwisho wa mazoezi: upande mmoja miguso ya kipa, 23, na upande wa pili safu nyingine ya vistari ambayo sikuwa nimemwagiza. Nilimuuliza ni ya nini. Alisema kila kistari ni mara moja niliposimamisha mchezo ili nizungumze, na akanionyesha chini alikoandika jumla ya dakika, 14 kati ya 60. Alhamisi ijayo atahesabu tena.